Msaada: kiunganishi changu cha data za mvua kinagomea 429, na naomba mara 40 tu kwa siku

Kijana wa Ipagala
Wakuu, habari za jioni. Wiki ya pili hii silali vizuri.

Naandika kiunganishi cha Laravel, ile fremuweki huria ya PHP. Kazi yake ni kuchota data za hali ya hewa kutoka huduma moja ya nje (jina tuliache) na kuziingiza kwenye mfumo wa mteja wangu wa Kibaigwa, ananunua mahindi na kuyaanika mwenyewe. Nimekifanya kifurushi kinachojitegemea, nikakiweka wazi GitHub, ghala la kodi za programu mtandaoni, ili na wengine wakitumie.

Matatizo mawili. Mvua iliyonyesha Kongwa saa saba usiku inaingia kwenye hesabu ya jana. La pili ndilo linaniua: ikifika saa nne asubuhi huduma inanirudishia 429, eti nimeomba mara nyingi mno. Kikomo ni maombi 1,000 kwa siku. Mimi naomba 40, nimehesabu kwa mkono.

Mteja anataka kuona kazi Ijumaa. Naombeni ushauri.

Mgogo wa Kisasa
Vijana mnaandika kodi na TRA hawana habari. Nimekaa hapa, nasubiri wajuzi.

Fundi Waya
La kwanza jepesi. Saa saba usiku ya kwetu ni 22:00 UTC (saa ya kimataifa) ya siku iliyopita, maana tuko saa tatu mbele. Hifadhi kwa UTC, ila kabla ya kujumlisha mvua ya siku geuza kwenda Africa/Dar_es_Salaam. Usijumlishe tatu kwa mkono huku na kule, utajuta.

La pili: jibu ulilopata litunze, usiombe kitu kilekile mara mbili. Ukipigwa 429 angalia kama imekuja na Retry-After, inakwambia usubiri muda gani. Usirudierudie kama mtu anayegonga mlango wa choo.

Zabibu Kavu
PHP mwaka huu? Hamia Python, mdogo wangu.

Mzee wa Chang'ombe
Umenikumbusha mbali. Nilipanga chumba kimoja, umeme wa LUKU, mimi na taa mbili na redio. Nanunua uniti za elfu kumi, siku ya nne giza. Nikamlaumu mke wangu kwa pasi, tukanuniana wiki nzima. Siku moja nikazima kila kitu, nikasimama mbele ya mita usiku. Kile kitaa chekundu kinapepesa kama kichaa. Kumbe jirani kapitisha waya juu ya dari, analisha friji la soda. Mke wangu hajanisamehe hadi leo.

Fundi Waya
Mzee kasema kitu bila kujua. Mleta mada, 40 na 1,000 haviendani. Huo ufunguo wa API, ile namba ya siri unayoombea data, ni wa nani? Unautumia peke yako?

Kijana wa Ipagala
Ni ufunguo wa kulipia, halali kabisa. Tusitoke nje ya mada, mkuu.

Fundi Waya
Hiyo ndiyo mada. Wa nani?

Kijana wa Ipagala
Sawa. Ni wa ofisi niliyofanya kazi mpaka Machi. Nilipoondoka hawakuubadilisha. Lakini sikuiba. Mimi ndiye niliyeusajili, kwa imeili yangu ya kazini. Na bosi nina mishahara yangu ya miezi miwili kwake, kwa hiyo tuseme tunalipana taratibu.

Mama Nkuhungu
Mwanangu, mimi nina vyumba sita vya kupangisha. Mpangaji akihama anaacha ufunguo mezani, hata kama namdai, hata kama ananidai. Deni ni lake, ufunguo ni wangu. Wewe umehama na ufunguo na bado unaingia kuchota maji.

Fundi Waya
Mama kamaliza. Sasa jingine, na usinizungushe: ndani ya kifurushi uliuandika wapi?

Kijana wa Ipagala
Mwanzoni ulikuwa kwenye faili la mipangilio. Komiti ya tatu, yaani mara ya tatu kuhifadhi mabadiliko, nikautoa nikauhamishia .env, faili la siri linalobaki kwenye mashine yangu, na .env haipandi GitHub. Kwa hiyo hauonekani.

Fundi Waya
Hauonekani kwako. Git inatunza kila komiti, ya kwanza na ya pili bado zipo, mtu anarudi nyuma anausoma kama gazeti. Uliweka toleo lolote Packagist, kule watu wanakochukua vifurushi vya PHP?

Kijana wa Ipagala
v0.1. Kabla ya kuutoa.

Fundi Waya
Basi kila aliyevuta v0.1 kwa Composer, chombo cha kupakulia vifurushi hivyo, amepewa ufunguo mkononi. Halafu kuna roboti zinazozunguka GitHub kutwa kucha zikisaka funguo za namna hii. Zile 960 nyingine ndiyo friji la soda la Mzee.

Fuata mpangilio huu: kwanza ufunguo ubatilishwe kwenye huduma yenyewe. Baada ya hapo ndiyo usafishe historia kwa git filter-repo na kuondoa lile toleo. Ukianza na kusafisha unapiga deki bomba likiwa wazi, waliokwisha nakili wamenakili. Unaweza kuingia kwenye akaunti?

Kijana wa Ipagala
Imeili ya kazini walishaifunga. Ni bosi tu anayeweza.

Nikimwambia atanipeleka polisi. Nilifikiria hivi: nifute repo, yaani kifurushi chote pale GitHub, kimyakimya, Ijumaa nionyeshe kazi kwa ufunguo huohuo kabla ya saa nne, halafu wiki ijayo nitafute wa kwangu. Malipo ya awali nimeshayala, laki nne, nimelipia kodi ya chumba.

Mgogo wa Kisasa
Kumbe kodi imelipwa. Naondoa kauli.

Mtoto wa Makole
Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa imo. Na wewe umekuja kujiandikia maelezo hapa mwenyewe.

Zabibu Kavu
Wakuu mnahangaika bure, hii chai. Tuko Agosti. Dodoma mvua ni Desemba mpaka Aprili. Ni mvua gani hiyo inanyesha Kongwa saa saba usiku? Na mahindi mtu anaanika kiangazi, utabiri wa nini?

Mtoto wa Makole
Duh. Chai ya tangawizi kabisa. Na mimi nimetoa kifungu cha sheria bure.

Kijana wa Ipagala
Napima kwa data za Januari, kiangazi nitapima na nini, vumbi? Na soko la Kibaigwa halilali, malori yanashusha mpaka mahindi ya Kiteto. Desemba iliyopita mteja aliacha mzigo kwenye turubai, mvua ikamkuta usiku. Nilikuwepo asubuhi. Ukitia mkono ndani ya lundo unakuta joto, kama ugali uliofunikwa. Baada ya siku chache punje zikawa na ukungu wa kijani.

Mzee wa Chang'ombe
Hilo la joto halitungwi na mtu wa mjini. Na msicheze na ukungu. Sumukuvu ya 2016, Dodoma hii na Manyara, iliua watu.

Zabibu Kavu
Haya, mahindi nimekubali. Bosi bado namtilia shaka. Bosi gani halalamiki bili ikipanda?

Fundi Waya
Chai au si chai, jibu ni lilelile. Ijumaa onyesha kwa Open-Meteo, huduma nyingine ya data za hali ya hewa, haitaki ufunguo. Bure ni kwa matumizi yasiyo ya biashara, chini ya maombi 10,000 kwa siku, kwa hiyo ukishamkabidhi mteja, alipie. Kama kiunganishi umekiandika vizuri, kubadili chanzo ni kuandika darasa (class) moja jipya la kodi tu. Na leo umpigie bosi.

Kijana wa Ipagala
Repo nimeshafuta.

Mama Nkuhungu
Sijauliza repo. Umempigia?

Kijana wa Ipagala
Mrejesho. Nimepiga mara tatu, hakupokea. Saa hii katuma meseji: "Bili nimeiona tangu mwezi wa sita. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe. Njoo kesho saa mbili, uje na laptop."

Hajasema polisi. Hajasema mshahara pia.

Mgogo wa Kisasa
Saa mbili ya kwetu au ya UTC?