GitHub, GitLab au Bitbucket? Kikundi kinataka kufungua akaunti, Mtwara mjini

ligula_koda, Ijumaa saa 1:40 usiku
Wakuu, habari za jioni. Tunaandika programu ya kupokelea korosho ghalani: uzito, daraja, idadi ya magunia, namba ya mkulima, risiti. Kodi (maandishi ya programu yenyewe) tunapeana kwa flashi na WhatsApp, na sasa hatujui nakala ipi ndiyo ya mwisho. Tunataka kuiweka mahali pamoja mtandaoni kabla ya minada ya Oktoba. Nimeona GitHub, GitLab na Bitbucket. Ipi bora? Tunajisajili Jumatatu.

Fundi_Shangani, saa 1:52 usiku
Kaka, swali lako halijibiki hivyo. Mko wangapi? Kodi ni ya siri au ya wazi? Mna kadi ya benki? Intaneti ni ya bando au ya waya? Git, ile programu ya kutunza historia ya kodi, mnaijua au ndiyo mnaanza?

nachingwea_88, saa 2:05 usiku
GitHub, hakuna haja ya kuzunguka. Repo (hifadhi za kodi) za siri ni bure tangu Januari 2019, na tangu Aprili 2020 unaweza kualika watu wangapi upendavyo kwenye repo ya siri bila kulipa. Unapata dakika 2,000 kwa mwezi za kuendesha majaribio ya kiotomatiki. Maktaba nyingi mtakazotumia ziko huko huko.

dada_mikindani, saa 2:21 usiku
Nachingwea, kuna jambo umeliruka. Kwenye repo ya siri, GitHub ya bure haikupi ulinzi wa tawi (mkondo wa kazi ndani ya repo). Yeyote mwenye ruhusa ya kuandika anaweza kupiga `git push --force` (kupeleka kodi kwa nguvu) kwenye `main`, yaani tawi kuu, na kufunika kazi ya wenzake. Ulinzi huo kule ni bure kwa repo ya wazi tu, ya siri mpaka mlipie. GitLab ya bure inalinda tawi kuu tangu siku repo inapozaliwa, hata ikiwa ya siri. Kwa kikundi kilichozoea flashi, kinga hiyo ina uzito kuliko dakika 2,000.

nachingwea_88, saa 2:26 usiku
Sawa dada, lakini kundi la siri kwenye GitLab ya bure mwisho watu 5. Bitbucket ya bure nayo 5. Wakiwa saba?

ligula_koda, saa 2:48 usiku
Samahani wakuu, nilipaswa kusema mapema. Tuko sita: watatu wanaandika kodi, mmoja anachora fomu, wawili ni wa ghalani wanaotuambia programu ikikosea. Kodi ni ya siri. Bando za simu. Kadi hatuna. Git wanaijua wawili.

Fundi_Shangani, saa 3:10 usiku
Sasa tunaongea. Wawili wa ghalani hawahitaji akaunti. GitLab ina Service Desk, nayo iko kwenye mpango wa bure: mradi unapewa anwani yake ya barua pepe, mtu wa ghala anaandika "mzani unasoma 81, risiti inatoa 18", na ujumbe unageuka tiketi ndani ya mradi. Mnabaki wanne, chini ya kikomo. Msiwaingize hata kama wageni, maana kwenye kundi la siri la bure kila aliyemo anahesabiwa.

Kuhusu kadi: hakuna kati ya hizo tatu inayohitaji kadi ili kuhifadhi kodi tu. GitLab inaweza kukuomba namba ya simu au kadi ili kuthibitisha kuwa wewe ni mtu, hasa ukitaka kuendesha majaribio kwenye mashine zao. Kwa sasa achaneni na majaribio hayo, yaendesheni kwenye kompyuta zenu.

Namna ya kujisajili, kokote mtakakochagua:

Kila mtu afungue akaunti yake kwa barua pepe anayoimiliki mwenyewe. Msifungue akaunti moja ya kikundi na kugawana neno la siri, kwa sababu hamtajua nani alibadilisha nini, na simu moja ikipotea mnafungiwa nje wote. Akaunti zikishakuwepo, mmoja aunde shirika (GitLab wanaliita kundi) na repo iwe mali ya shirika. Kisha wekeni wamiliki wawili. Wawili, si mmoja.

Halafu kila mmoja kwenye kompyuta yake:

`git config --global user.name "Jina lako"`
`git config --global user.email "ile ile uliyojisajilia"`
`ssh-keygen -t ed25519`

Amri ya mwisho inatengeneza ufunguo wa SSH, unaokutambulisha bila neno la siri, nao ni mafaili mawili. Faili linaloishia na `.pub` ndilo la kubandika kwenye mipangilio ya akaunti. Lile lisilo na `.pub` halitoki kwenye mashine yako, si kwa WhatsApp wala kwa flashi. Wengi wanahangaika na neno la siri wakati wa kupushi (kupeleka kodi mtandaoni): GitHub iliacha kulipokea kwa kazi za Git tarehe 13 Agosti 2021. Ni ufunguo wa SSH au tokeni (namba ndefu ya siri unayoitengeneza kwenye akaunti yako).

MwalimuLindi, saa 3:37 usiku
Niongeze kwenye hilo la wamiliki wawili, maana linapuuzwa sana. Kuna kikundi cha vijana hapa Lindi walikuwa na shirika GitHub, mmiliki mmoja. Uthibitisho wa hatua mbili ulikuwa kwenye simu yake peke yake, kwa programu ya namba sita zinazobadilika kila sekunde 30. Siku ya kuuwasha, GitHub humpa mtu namba za akiba 16 na kumwambia azihifadhi. Yeye alizipiga picha, na picha ikakaa kwenye simu ile ile. Simu ikatumbukia baharini kwenye boti, haikuwaka tena.

Neno la siri analijua, barua pepe anayo, laini ameirudisha, na bado haingii. GitHub hawarudishi akaunti kwa maombi ya barua pepe tu ikiwa umepoteza kifaa na namba za akiba pamoja, na ni haki, kwa sababu mwizi naye angeandika barua hiyo hiyo. Kodi ilipona, kwani kila aliyewahi kupiga `git clone` (kunakili repo) ana historia nzima kwenye mashine yake. Kilichopotea ni mamlaka: hakuna wa kualika mtu mpya, hakuna wa kumtoa aliyeondoka, hakuna wa kubadilisha mipangilio. Walifungua shirika jipya na kupushi historia yote. Tiketi na majadiliano hayakuhama, kwa sababu hayo hayamo ndani ya Git. Walikaa kuyanakili kwa mkono moja baada ya jingine.

Kwa hiyo chapisheni namba za akiba kwenye karatasi, nakala mbili, nyumba mbili.

dada_mikindani, saa 3:44 usiku
Na saa ya simu iwekwe kujirekebisha yenyewe kutoka mtandaoni. Namba hizo sita zinakokotolewa kwa muda. Simu iliyokosea dakika tano inatoa namba zinazokataliwa kila mara, na mtu anadhani akaunti imeibwa.

kilwa_masoko, saa 4:02 usiku
Mbona mnampeleka nje moja kwa moja? Forgejo, programu ya bure ya kuendesha tovuti kama GitHub kwenye mashine yako, inakaa kwenye laptopu ya zamani yenye RAM ya gigabaiti 2, hapo hapo ofisini. Ndiyo inayoendesha Codeberg, tovuti ya kuhifadhi kodi ya Ujerumani. Mnapushi kwa WiFi ya ndani, bando halitumiki, watu hawana kikomo. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, mwenye seva ndani aliendelea na kazi.

Fundi_Shangani, saa 4:15 usiku
Ndugu yangu wa Kilwa, Forgejo ni nzuri sana, ila seva ya ofisini inataka mwenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kuandika diski, nani anakagua? Nakala rudufu inakwenda wapi? Laptopu ikiibwa, repo imekwenda nayo. Na Git haisimami nyaya zikikatika. Unaendelea kukomiti (kuweka mabadiliko kwenye historia) kwenye mashine yako, na mkitaka kupeana mnatumia ile ile flashi kwa njia safi:

`git bundle create korosho.bundle --all`

Mwenzako anaandika `git clone korosho.bundle` na anapata historia kamili.

kilwa_masoko, saa 4:19 usiku
Nakala rudufu ni diski ya nje na kazi ya kila usiku. Si mlima. Naitetea Forgejo kwa sababu ya bando.

nachingwea_88, saa 4:30 usiku
Bando si kisingizio. Kodi ni maandishi, kupushi kwa siku ni kilobaiti. Kinachokula bando ni picha za risiti na mafaili ya usakinishaji watu wanayotupia ndani ya repo. GitHub inaonya faili likizidi megabaiti 50, na kulikataa likizidi 100. `git clone` ikikatika njiani inaanza upya, haiendelei ilipoishia, kwa hiyo repo ikiwa kubwa anza na `git clone --depth 1` inayoleta komiti ya mwisho tu, kisha `git fetch --unshallow` ilete historia iliyobaki ukipata mtandao mzuri.

MwalimuLindi, saa 4:41 usiku
Ligula, kabla hujapushi chochote: orodha ya wakulima imo humo ndani? Majina, namba za simu, akaunti za benki?

ligula_koda, saa 4:50 usiku
Ndiyo mwalimu, kuna faili la kijiji kizima tunalofanyia majaribio. Na `.env`, faili la mipangilio lenye neno la siri la hifadhidata.

MwalimuLindi, saa 4:58 usiku
Vyote viwili vitoke kwanza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mkulima hakukupa akaunti yake ya benki uipeleke huko. Tengenezeni majina ya kubuni. Andikeni `.env` ndani ya `.gitignore` (orodha ya mafaili ambayo Git inayaruka) kabla ya komiti ya kwanza. Baada ya komiti, kulifuta faili hakusaidii, linabaki kwenye historia, mpaka mwisafishe kwa `git filter-repo` na mbadilishe neno la siri lenyewe.

dada_mikindani, saa 5:03 usiku
Na maelezo ya komiti andikeni kwa Kiswahili. "Rekebisha hesabu ya kilo kwenye risiti" inaeleweka na kila mmoja wenu.

nachingwea_88, saa 5:07 usiku
Hapo sikubali. Mkimwajiri mtu wa nje kesho atasoma nini?

dada_mikindani, saa 5:10 usiku
Programu ni ya ghala la Mtwara. Atakayeirekebisha mwakani ni wa hapa hapa. Neno "gunia" kwenye kodi halina tafsiri bora kuliko "gunia".

ligula_koda, Jumatatu saa 4:20 asubuhi
Wakuu, tumefungua GitHub na GitLab zote mbili tuone. Kwa WiFi ya ofisi, SSH inasema `port 22: Connection timed out`. Kwa bando la simu inaingia.

Fundi_Shangani, saa 4:33 asubuhi
WiFi hiyo imefunga mlango 22. Pitieni 443. Ndani ya `~/.ssh/config`:

`Host github.com`
`  HostName ssh.github.com`
`  Port 443`
`Host gitlab.com`
`  HostName altssh.gitlab.com`
`  Port 443`

Kisha jaribu `ssh -T git@github.com`.

ligula_koda, saa 4:51 asubuhi
GitLab imekubali. GitHub inasema `Permission denied (publickey)`, kwenye kompyuta ya msanifu tu.

dada_mikindani, saa 4:55 asubuhi
Ufunguo wake aliupa jina gani alipoutengeneza? Kama si `id_ed25519`, SSH haiutafuti yenyewe, ongeza mstari wa `IdentityFile` unaotaja faili la ufunguo ndani ya `~/.ssh/config`. Tuma matokeo ya `ssh -vT git@github.com`.