Maji kama uji, nyota kama vistari: ninakosea wapi?

Lenzi ya Uru (mwanzilishi wa mada)

Ndugu wanajukwaa, salamu.

Mwaka huu nilinunua kamera iliyotumika, yenye sensa ndogo ile ya kuzidisha kwa 1.5, pamoja na lenzi yake ya milimita 18-55 na tripodi nyepesi ya bei ya chini. Nia yangu ni kujifunza kupiga picha kwa kuacha shata (pazia la kamera linalopitisha mwanga) wazi muda mrefu, nami nimeanza na vitu viwili vilivyo karibu nami hapa Moshi: maporomoko ya Materuni na anga la usiku. Kote kuwili nimekwama.

Materuni nilifika saa sita mchana. Niliweka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, nikabana tundu la lenzi hadi f/22 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) na kuacha shata wazi kwa sekunde 2. Picha iliungua kabisa, nyeupe kama karatasi. Siku nyingine nilirudi jioni, giza likianza kuingia bondeni, nikafanikiwa kupata sekunde 8 kwa f/22 ile ile. Safari hii mwanga ulikuwa sawa, lakini maji yamekuwa uji: hayana nyuzi wala nguvu, na mtu hawezi kujua kama yanaanguka au yamesimama. Hata mawe yaliyo pembeni, ambayo hayakutikisika, hayana makali.

Kuhusu anga, nimefuata mafunzo ya video ya mpiga picha wa Ulaya anayesema sekunde 30 zinatosha, kisha nitafute Nyota ya Kaskazini ili nipate zile duara za nyota zinazoizunguka. Nilichopata ni kwamba kila nyota imekuwa kistari kifupi, na hiyo Nyota ya Kaskazini nimeitafuta wiki nzima bila kuiona. Je, kamera ndiyo mbovu, au ni mimi?

Fundi Shata

Ndugu Lenzi ya Uru, kamera yako ni nzima. Nitajibu la maji, la nyota nawaachia wanaokesha.

Mchana wa jua kali, kwa ISO 100 na f/22, kamera huhitaji takriban sehemu moja ya 50 ya sekunde. Wewe uliipa sekunde 2, yaani mwanga mara 100 zaidi ya ule uliohitajika. Kubana tundu zaidi hakungekuokoa, kwa sababu lenzi hiyo haina pa kubania tena, na hata hapo f/22 ulikuwa umekwisha kuvuka mpaka: tundu likiwa dogo kiasi hicho mwanga hutawanyika kwenye kingo zake na picha nzima hulegea. Hiyo ndiyo sababu mawe yako hayana makali. Kwa sensa kama yako, mimi sipiti f/11 ila kwa dharura.

Sasa angalia picha yako ya jioni. Kutoka f/22 hadi f/8 ni hatua tatu, na kila hatua huongeza mwanga maradufu. Kwa hiyo, jioni ile ile, mahali pale pale, f/8 ingekupa sekunde 1 badala ya 8, na f/5.6 ingekupa nusu sekunde. Jibu la tatizo la uji ulikuwa nalo mkononi. Maji yanayoanguka kwa kasi huonyesha nyuzi zake vizuri kati ya robo sekunde na sekunde moja; ukizidi hapo, nyuzi zinafunikana na kuwa ukungu mmoja. Najua wapo wanaopenda ukungu huo, lakini kwangu mimi poromoko lisiloonyesha linaelekea wapi ni shuka lililoanikwa tu. Sekunde 30 au dakika nzima ziwekee ziwa au bahari, ambako unataka mawimbi yapotee.

Ukitaka kupiga mchana, utahitaji filta ya ND, yaani kioo cheusi cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga. Ile ya ND8 hupunguza hatua tatu, ND64 hatua sita, na ND1000 hatua kumi. Kivulini, pale ambapo kamera inataka sehemu moja ya 15 ya sekunde kwa f/11, ND8 inakufikisha karibu nusu sekunde, nayo inatosha kwa Materuni. ND1000 mahali hapo hapo ingekupeleka hadi sekunde 68, na uji ungerudi. Kama fedha yako inatosha filta moja tu, ningekushauri uanze na polaraiza: hupunguza mwanga hatua moja na nusu au mbili, na juu ya hapo huondoa mng'ao kwenye majani na mawe yaliyolowa, kazi ambayo kompyuta haiwezi kukufanyia baadaye. Jihadhari na zile ND za kuzungusha za bei rahisi. Zikizungushwa hadi mwisho kwenye lenzi pana huchora msalaba mweusi katikati ya picha. Wengine hutumia kioo cha barakoa ya fundi wa kuchomelea. Kinafanya kazi, ila picha hutoka ya kijani kibichi, na mara nyingi mwisho wake ni kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe.

Halafu hiyo tripodi nyepesi: usinyanyue nguzo yake ya katikati, ning'iniza mfuko wa mawe chini yake, zima kitulizaji cha mtikisiko kwenye lenzi, na upige kwa taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise kamera.

Mkesha

Naomba nichukue la nyota, kwa kuwa hapo ndipo mafunzo ya Ulaya yanapowapotosha watu wengi wa kwetu bila kukusudia.

Dunia inapojizungusha, nyota huonekana kusogea nyuzi 15 kila saa. Mwendo huo, hata hivyo, haulingani angani kote: nyota zilizo karibu na ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka, hutambaa, na zile zilizo juu ya ikweta hukimbia. Mpiga picha wa Ulaya anapoelekeza kamera upande wa kaskazini, nyota nyingi zilizomo kwenye picha yake ziko karibu na ncha, na zile zilizo nyuzi 60 kutoka ikweta ya anga zinakwenda nusu tu ya kasi ya zile za utosini mwako hapo Moshi. Ndiyo maana sekunde 30 zinamfaa yeye na zinakukataa wewe. Kwa lenzi yako ikiwa kwenye 18, na kama sensa yako ina pikseli milioni 24, nyota ya utosini husogea takriban pikseli 10 kwa sekunde 30. Hicho ndicho kistari chako.

Kanuni ya zamani inasema ugawanye 500 kwa urefu wa lenzi. Kwa sensa yako, 18 ni sawa na 27 (18 mara 1.5), hivyo unapata kama sekunde 18. Kanuni hiyo ilizoeleka enzi za filamu na inasamehe mno. Mimi ningetumia sekunde 10 hadi 13, f/3.5, ISO 3200, nipige picha 20 mfululizo na kuziunganisha kwa programu ili chenga, vile vidoadoa vya picha za gizani, zipungue. Fokasi ya otomatiki izime. Chagua nyota inayong'aa au sayari ya Mshtarii ikiwa imechomoza, ikuze mara 10 kwenye kioo cha kamera, kisha zungusha pete ya fokasi polepole mno hadi iwe nukta ndogo kabisa. Usiamini alama ya mwisho ya lenzi.

Nyota ya Kaskazini usiitafute tena. Moshi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyota hiyo iko chini ya upeo wako, na hata wenzetu wa Nanyuki, waliokaa juu ya mstari wenyewe, kwao inagusa upeo tu. Ncha ya kusini unayo juu ya upeo, lakini kwa nyuzi hizo hizo 3, na migomba ya jirani inatosha kuificha. Duara kamili hutazipata.

Lakini fikiria mahali ulipo. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko karibu kaskazini halisi ya mji wa Moshi. Ukielekeza kamera mlimani, kitovu cha mzunguko wa nyota kinakuwa chini ya mlima wenyewe, na kila nyota inachora upinde unaopita juu ya theluji kutoka mashariki kwenda magharibi, mmoja juu ya mwingine. Huyo Mzungu wa video hawezi kuipata picha hiyo kwao hata akikesha mwaka. Piga sekunde 20 au 30 mfululizo kwa saa moja na nusu, bila kuacha nafasi kati ya picha na picha, kisha ziunganishe. Hapa vistari ndivyo unavyovitaka. Kipengele cha kamera cha kupunguza chenga kwenye picha za muda mrefu kizime, kwa sababu baada ya kila picha hukaa muda ule ule kikipiga giza, na pinde zako zitatoka zimekatika katika kama ushanga.

Ukitaka Njia ya Maziwa, usiende wakati wa mwezi mpevu. Katikati ya Juni, kitovu chake hupita juu kabisa muda mfupi baada ya saa sita usiku, na katikati ya Agosti hufanya hivyo kabla ya saa tatu usiku, kikiwa nyuzi 64 juu ya upeo wa kusini. Wa Ulaya hukiona kikikwaruza paa za nyumba.

Pwani Tanga

Naongeza neno moja kwa yeyote atakayetaka kuunganisha maji na nyota huku kwetu. Usiku wa mwezi mwandamo ndio wenye giza zuri, na siku hizo hizo ndizo za bamvua, maji yanapokupwa na kujaa kupita kawaida. Saa nne usiku maji yametoka mbali, miamba iko wazi, nawe unasimika tripodi huko nje ukifurahi. Ifikapo saa kumi alfajiri bahari imerudi yote, na inarudi kwanza kupitia mikondo iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu. Mimi nilirudi na kamera kichwani na maji kifuani, na tripodi sikuiona tena. Weka saa ya kukuamsha, hata kama huna nia ya kulala.

Lenzi ya Uru

Nawashukuru sana, wakuu. Jana usiku nilipanda kwenye paa la nyumba, nikaielekeza kamera Kibo na kupiga picha 180 za sekunde 30. Wingu lilifunika mlima hadi saa tano, kisha likashuka lote kwa pamoja. Pinde zimetoka kama Ndugu Mkesha alivyoeleza, isipokuwa kuanzia picha ya 130 hivi zimefifia zikawa kama zimepigwa pazia. Nilipoigusa lenzi asubuhi nilikuta imelowa umande. Je, mnaukausha vipi usiku kucha bila kugusa kamera?

Mkesha

Funga soksi kuzunguka lenzi, na ndani yake weka kile kifuko cha kemikali cha kupasha mikono moto wanachobeba wapanda mlima. Waulize wapagazi wa hapo mjini, hawakosi.