Heinkel P.1077 Julia, ingewahi kukamilika ingesaidia kweli?

kipanga77: Wakuu naomba kueleweshwa. Kuna hii ndege ya Wajerumani ya 1944, Heinkel P.1077 wakaiita Julia, eti mwili wa mbao, injini ya roketi ya kampuni ya Walter, inarushwa kutoka kwenye reli iliyoinuliwa, alafu kwenye mchoro wa mwanzo rubani analala kifudifudi humo ndani. Hakuna hata moja iliyokamilika. Je wangeiwahisha ingezuia ndege za mabomu za Wamarekani au ni makaratasi tu? Na huko kulala ndo nini sasa??

fundi_anga: Kulala kunafanya mwili wa ndege uwe mwembamba, upepo hauushiki sana na adui anabaki na kitu kidogo cha kulenga. Shingo ndo inapata tabu, utaangaliaje nyuma? Baadae wakachora ya rubani kukaa. Mimi naona ingesaidia, mbao ni rahisi, unatoa nyingi haraka.

mzee_wa_komet: Nyingi zikafanye nini mkuu, jibu lipo kwenye Me 163 Komet, ndege ya kivita ya roketi ya Wajerumani haohao, hiyo ilijengwa zaidi ya 300 na injini ni za ukoo huohuo wa Walter. Mafuta yanaisha kwenye dakika 8 hivi, baada ya hapo unashuka bila injini na Mustang, ndege za kivita za Wamarekani, zinakusubiria karibu na uwanja. Ukimfikia adui unampita kwa kasi mno, una sekunde chache tu za kufyatua, na mzinga wa MK 108 wa milimita 30 risasi zake hazina mbio so lazima usogee karibu kabisa. Julia nayo ilipangiwa mizinga hiyohiyo miwili, ngoma ileile. Na hayo mafuta sasa, haidrojeni peroksaidi kali inayounguza nyama, kwenye Komet matangi mengine yako ubavuni mwa rubani, ukitua vibaya na mabaki ya mafuta ndani unalipuka.

kipanga77: Duh. Na Natter je, ile ndege nyingine ya roketi ya Wajerumani, si ilikuwa mshindani wa Julia?

mzee_wa_komet: Ndio, ile iliruka wima na mtu ndani tarehe 1 Machi 1945, rubani Lothar Sieber, kifuniko cha juu kikang'oka, ndege ikapinduka ikaanguka, akafa palepale. Hiyo ndo iliyofika mbali kuliko Julia.

fundi_anga: Sawa mzee nakubali kwenye mizinga. Ila hata mbao zingekuwepo, peroksaidi wangeitoa wapi, V-2, yale makombora ya Wajerumani, nayo yalikuwa yanaitumia kuendeshea pampu zake.