Naomba ushauri: bustani ndani ya gofu Mji Mkongwe, kisima kina chumvi

Kifuu: Wakuu salaam. Nina kiwanja kidogo Mji Mkongwe, Zanzibar. Nyumba ilishaanguka, zimebaki kuta za mawe pande tatu. Nataka bustani ya watu kunywa kahawa jioni. Kiangazi siku hizi kinachoma, masika ikija maji yanajaa, na kisima kina maji ya chumvi. Nipande nini kisife? Haraka tafadhali, fundi ananisubiri.

Chokaa Mbichi: Anakusubiri afanye nini?

Kifuu: Amwage zege, pembeni ukoka. Nishamlipa nusu. Mbona bustani ya Forodhani ilikarabatiwa 2009 na nyasi zipo?

Chokaa Mbichi: Forodhani ni uwanja wazi wa umma. Kuta zako ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinapumua. Ukiziba chini kwa zege, unyevu unakosa pa kutokea, unapanda ukutani na chumvi yake. Utapitisha kidole, chokaa itakutoka unga. Mwaga kokoto, mteremko uende katikati mbali na kuta, mvua uivune kwenye tangi. Ukoka sahau. Panda mkadi, unavumilia chumvi na upepo wa bahari. Asumini na mrehani viweke kwenye vyungu, uvinyweshe maji ya mvua. Mkuyu ukiota kwenye ufa, ung'oe ungali mche.

bi_kikuba: Asumini! Bibi yangu alikuwa nayo uani, Alhamisi jioni tunachuma maua ya vikuba vya Ijumaa, vile vishada vya kunukia, ole wako uguse kabla yake. Siku hizi kila mtu anataka nyasi za hoteli.

Dar Mpya: Mkuu lima mchicha, kahawa haikulipi 😂

Chokaa Mbichi: Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe unacho? Mji uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000. Na hati ina jina la nani?

Kifuu: Kibali nitafuatilia.

Chokaa Mbichi: Hati?

Kifuu: Ya marehemu babu. Mirathi haijagawanywa. Baba mdogo yuko Maskati, wengine Pemba. Lakini anayefagia pale ni mimi! Halafu bustani si nyumba, wakiitaka inang'oleka.

Ustadhi wa Zamu: Zege nalo linang'oleka? Kila mrithi ana fungu lake humo, hata asiyefagia. Wapigie kwanza.

Kijiba: Wakuu, hii chai. Huyu juzijuzi alikuwa na uzi anauza bajaji Mbagala, akasema kwao Singida. Leo babu ana gofu Unguja?

Kifuu: Singida kwa mama. Na hiyo bajaji ndiyo imemlipa fundi!

Dar Mpya: Kumbe ni wewe? Ile ya bluu ilienda bei gani?

bi_kikuba: Tuwekee picha ya kisima basi.

Kifuu: Kamera ya simu imekufa. Chokaa, miche ya mkadi napata wapi? Na kokoto ziwe za ukubwa gani? Fundi anapiga tena.