Saipresi ya mtoni, unyevu 26%: naweza kuranda?

Msumeno14: Wakuu, niko Louisiana. Nina mbao tatu za saipresi, gogo liliopolewa mtoni likapasuliwa miezi minne iliyopita. Unene inchi 2, upana 14, urefu futi 7. Kipima unyevu kinasoma 26% na vichwa vimeanza kupasuka. Nataka meza ya kulia. Nianze?

RandaKali: Bado. Nyumba yenye kiyoyozi itazishusha hadi 8% hivi. Ubao wako wa inchi 14, kama umepasuliwa bapa (uso wake sambamba na miduara ya gogo), utapungua karibu nusu inchi upana. Hapo gundi haina lake, maungio yataachia.

Kata vichwa mpaka ufa uishe, upake nta siku hiyohiyo. Panga kivulini penye upepo, juu ya matofali, na katikati ya mbao weka fito kavu za unene wa robo tatu inchi kila inchi 18. Fito za kila tabaka zilingane wima, moja juu ya nyingine; ikikaa pembeni, ubao unapinda hapohapo. Weka uzito juu. Turubai lisifunike ubavuni, utafuga ukungu.

Patasi_Butu: Na hiyo 26% usiiamini. Sindano fupi zinasoma ngozi tu. Kata kipande inchi 12 kutoka kichwani, upime katikati ya sehemu iliyokatwa.

Msumeno14: Nikipeleka tanuri la kukaushia mbao moja kwa moja?

RandaKali: Subiri unyevu wa ndani ushuke hadi 20%. Ukiharakisha, nje inakauka na kukaza, ndani kunachanika bila wewe kuona. Utagundua ukiranda.

Patasi_Butu: Kabla ya randa, sugua nyufa kwa brashi ya nailoni. Mchanga wa mtoni unakula kisu dakika moja. Pitisha kitambua chuma pia, magogo mengi ya mtoni yalifungwa pamoja kwa vyuma yakisafirishwa majini. Brashi ya waya wa chuma iache, mabaki yake huacha madoa meusi.

Msasa ufungie kwenye kibao kigumu. Mbao hii ina mistari migumu na milaini kwa zamu. Kwa mkono mtupu laini inaliwa, uso unabaki mawimbi.

Msumeno14: Kwani si ile saipresi ya kwetu Kenya?

RandaKali: Siyo. Ya Kenya ni *Cupressus lusitanica*. Hii ni *Taxodium distichum*, hupukutisha majani kipupwe. Na mwisho, mkuu: ukifunga uso wa meza kwenye fremu usikaze skrubu kwenye tundu la duara, chonga tundu refu ubao ucheze, na vanishi ipite hadi upande wa chini.