Jirani wa Langoni (kundi la simu la majirani wa mtaa wa Langoni, Lamu, Novemba 2024): watoto wa kidato cha 4 wamemaliza

Mama Twalha: Assalam aleikum jirani zangu. Alhamdulillah KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, imekwisha leo, watoto wameweka kalamu chini. Twalha ameingia ndani hata sare hakuvua, amelala hapo hapo kwenye kochi, chai nimemwekea hakuitaka

Ami Shee: Waaleikum salaam. Mashallah. Mola ajaalie yale walioandika yawe ndiyo

Rukia: Shikamooni nyote. Mimi sijalala, niko na Nasra tunapanga vitabu huku tunakumbuka mambo mpaka tunalia. Ami kwani mwajua sisi hiyo miaka 4 hatukuipata kamili? KCPE ya kumaliza msingi tumeifanya Machi 2021 kwa sababu ya korona, kidato cha 1 tumeingia Agosti, kufika Machi 2022 wanatuambia mushamaliza, Aprili tuko kidato cha 2. Likizo ya Oktoba wiki moja, sare haijakauka kambani usharudi darasani

Nasra: Na barakoa na lile joto jamani 😩 mwalimu asema toa sauti, sauti itoke wapi. Agosti 2022 uchaguzi shule zikafungwa, halafu mwaka huu wenyewe wa mtihani, Mei mvua zikatuweka nyumbani wiki 2 zaidi, Agosti muhula wa 3 waanza walimu wagoma. Siwalaumu walimu mimi, walikuwa na haki yao, lakini usiku nilikuwa sipati usingizi nikiwaza silabasi itamalizwa na nani

Ami Shee: Ikamalizwa na daka langu, hapo barazani mlangoni

Nasra: Wallahi Ami 😭 daka lako ndilo lilitusomesha. Stima ya mtaa ikirudi kwako twaijua kwa taa ya nje, twaja mbio na mikeka. Na ukutani niliandika elementi 20 za mwanzo kwa makaa, haidrojeni, heliamu, lithiamu, mpaka kalisiamu, ukasema hewala andika

Ami Shee: Ziko bado. Nilitaka kupaka chokaa kabla ya Maulidi, nikapita usiku nikawakuta mumeelekea ukuta mwazisoma kwa pamoja kama watoto wa chuo cha Kurani, nikamwambia fundi asije. Nitapaka matokeo yakitoka, Januari inshallah

Mama Twalha: Sasa mimi nina wazo. Tuchangishe, tuwachukulie mashua siku moja tuwapeleke Takwa, kwenye magofu kisiwani Manda, wapikiwe pilau, wapigwe picha. Wamepitia mengi hawa

Ami Shee: Naunga mkono

Saidi wa Jeti: Mashua ipo, mafuta nitatoa mimi

Athman Kizingitini: Assalam aleikum wazee wangu. Mimi nishafika nyumbani Kizingitini, kisiwani Pate, tangu alasiri, mtandao huku waja waondoka kwa hivyo nikikatika mnisamehe. Kabla ya habari ya Takwa naomba niseme neno nimelibeba siku nyingi. Nilipoitwa shule ya kutwa hapo Amu, mjini Lamu, babangu hakuwa na mtu wa kuniweka, hana ndugu hapo hana rafiki, kazi yake ni bahari tu. Tukatoka huku na mashua tukachelewa, tulipofika Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yamekupwa chombo kimekaa kwenye matope, tukangoja yajae mpaka giza likaingia, tumefika jeti baada ya isha na sanduku la bati na mtungi wa samli. Saidi ndiye alituona tumesimama hatujui pa kwenda akatupeleka kwa Bi Zuhura. Bi Zuhura hakuuliza kodi wala hakuuliza mwana wa nani, aliuliza amekula? Tangu siku hiyo mimi nimekaa nyumba ile mpaka leo asubuhi. Kila nikitoka prepu nakuta sahani yangu imefunikwa kawa, wali na mchuzi, na kipande cha samaki wametoa kwenye sahani zao najua. Babangu alikuwa akileta ng'onda na kamba akipata, lakini hivyo si malipo, mtu hawezi kulipa kitu kama kile. Miezi ya kusi vyombo havipiti nikikosa kwenda nyumbani hata likizo nzima, sikuwahi kujiona mgeni

Rukia: 😭😭😭

Bi Zuhura: (naandika mimi mjukuu wake, yeye asema) Athman mwanangu, radhi zangu zote nimekupa. Hukuya kwangu mgeni, uliya mwana. Yeo jioni nimefunika sahani yako kwa mazowea, kisha nikakumbuka ushakwenda kwenu. Msalimu mamako mwambie mwanawe amenilea mimi, si mimi nilomlea, maana miguu ikiniuma ni yeye alokuwa akinitekea mai

Saidi wa Jeti: Subhanallah

Athman Kizingitini: Shikamoo Bi. Ndiyo nikasema, ile pesa ya Takwa mimi naomba isiliwe pilau. Pale chumbani kwetu tumewaacha 2, mmoja wa Siyu mmoja wa Faza, huku huku Pate, wako kidato cha 1. Bi miguu haimbebi tena, na hawa wana miaka 3 mbele yao

Nasra: Na hao ndio wa mwisho kabisa jamani mwajua? Huo mfumo wa masomo wa 8-4-4 ulioanza 1985 unaishia kwao. Januari hakuna kidato cha 1 kinachoingia, walioko gredi ya 8 ya mtaala mpya wanabaki junia, sekondari ya chini, kuingia gredi ya 9, huku sekondari ya juu hawaji mpaka 2026 na wataitwa gredi ya 10. KCSE ya hawa wadogo ni 2027 basi imefungwa. Wakikatiza masomo hawana kundi la nyuma la kurudia nalo, sisi mtu akirudia darasa alikuwa akikuta wenzake, wao nyuma hakuna mtu

Mama Twalha: Hilo sikulifikiria. Lakini na nyinyi pia mwahitaji kufurahi, mtoto amesoma hivyo asipongezwe?

Ami Shee: Mama Twalha asema kweli. Mimi sipendi mtoto aambiwe ahsante kwa maneno matupu

Rukia: Ami sisi tumezungumza hapa na Nasra, na Twalha tulimuuliza juzi. Hatutaki Takwa. Tutasomewa dua hapo dakani kwako Ijumaa, tukaange viazi karai tule pamoja na wale wadogo, yatosha. Pesa iende kwa nauli zao na chakula. Vitabu vya serikali tumesharudisha shule lakini daftari zetu, kamusi na vitabu vya marudio ni vyetu, tunawapa vyote, Nasra amezifunika daftari za kemia kwa gazeti moja moja

Saidi wa Jeti: Mafuta ya mashua basi nayageuza nauli. Wakifunga shule na wakifungua nitawavusha mimi mpaka 2027 nikiwa hai, bora waniulize mapema niangalie bamvua, maji makubwa, Mkanda haupitiki ovyo

Mama Twalha: Haya nimekubali 🤲🏽 michango nitumieni mimi nitaandika jina la kila mtu hapa. Magodoro 2 ninayo. Sasa nani ana chumba, maana kwa Bi Zuhura mzigo umetosha

Bi Zuhura: (asema) chakula cha usiku waye kwangu, hilo msininyang'anye

Ami Shee: Chumba changu cha juu kiko wazi tangu mwanangu ahamie Mombasa

Athman Kizingitini: Ami Mungu akuzidishie. Yule wa Siyu ana pumu, chumba kina hewa?

Ami Shee: Kina madirisha 2 na ngazi si ndefu. Babake anipigie kesho kabla ya adhuhuri, baadaye niko chomboni na simu haishiki