Mrejesho: jedwali kubwa la Excel sasa linasomeka

Wakuu, niliuliza namna ya kusoma jedwali refu la Excel bila vichwa kupotea kila nikishuka chini. Kilichonisaidia zaidi ni kugandisha: bofya seli B2, ingia View, chagua Freeze Panes, safu mlalo ya 1 na safu wima A zinabaki palepale. Ukianzia C2, zinaganda A na B. Aliyeshauri nipunguze mwonekano hadi 50%, asante, ila macho yamegoma! Ctrl+F1 inakunja utepe wa juu, nafasi inaongezeka. Safu nisizozihitaji nimezikusanya na kuzikunja kwa Group badala ya kuzificha, maana alama ya kujumlisha (+) ya kuzifungua inabaki ikionekana na mwenzangu hadhani data imefutwa.